Hati Haina Haraka: Mwongozo wa Kuikabili Kesi Uliyoiacha Kortini

Ulidhani mambo yaliisha. Mwaka 2014 ulikamatwa ukiendesha pikipiki bila leseni, ukalala kituoni usiku mmoja, ukapandishwa kizimbani, ukakana mashtaka. Shangazi akakulipia dhamana ya pesa taslimu shilingi 5,000, nawe ukapewa tarehe ya kesi kutajwa. Tarehe ikakukuta mazishini kijijini. Ile iliyofuata ukaogopa kwenda kwa kuwa hukwenda ya kwanza. Kisha ukahama mtaa, ukabadilisha laini ya simu, ukaoa, ukauza pikipiki, ukajiunga na kwaya. Leo umepita kituo kilekile kuripoti simu iliyoibwa. Afisa wa zamu ametazama kitambulisho chako, ametazama uso wako, ameingia chumba cha nyuma na kurudi na mwenzake wakiwa na jalada. Simu imesahaulika. Sasa mnazungumza kuhusu wewe.

Mwongozo huu ni wako. Ni wa mama mboga aliyeshtakiwa kwa kuuza bila kibali cha kaunti, wa dereva wa matatu aliyebeba abiria kupita kiasi, wa kijana aliyerusha ngumi harusini na kumpata mjomba wa bibi harusi. Ni wa kila mtu mwenye kesi ndogo ambayo aliipa kisogo, nayo ikakaa ikimngoja. Umefuata sheria za Kenya, na hauchukui nafasi ya wakili. Kazi yake ni kukutoa ulikojificha ukiwa na akili zako zote, kitambulisho chako na kiamsha kinywa tumboni.

Hatua ya 1: Acha kuihesabia hati miaka

Kila mtaa una mtaalamu wake wa sheria ambaye hajasoma sheria. Mmoja atakwambia hati ya kukamatwa hufa baada ya miezi 6. Mwingine atasema miaka 3. Wa tatu atakuapia kwamba ni 7, maana binamu yake alikuwa bawabu kortini. Wasikilize kwa heshima, kisha usiwaamini hata mmoja.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, imelimaliza jambo hili katika kifungu cha 102. Hati hudumu hadi itekelezwe, au hadi ifutwe na mahakama iliyoitoa. Njia ni hizo mbili tu. Kuhama hakuifuti, kuokoka hakuifuti, na kuzaa watoto wanne na kuwasomesha wote hakuifuti. Tena inaweza kutekelezwa popote nchini Kenya. Kesi ikiwa Mariakani nawe uko Eldoret, hati haihitaji nauli.

Kuna ukweli mmoja ambao huwapotosha wengi, nao ni kifungu cha 219. Kinasema kwamba makosa madogo, yale ambayo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha miezi 6 au faini ya shilingi 1,000, au vyote viwili, ni lazima mashtaka yake yafikishwe kortini ndani ya miezi 12. Watu hukisoma na kushangilia. Lakini miezi hiyo huhesabiwa hadi siku mashtaka yanapowasilishwa, na yako yaliwasilishwa siku ile ile uliyosimama kizimbani ukasema "si kweli". Saa hiyo ilishasimama. Haikukimbilii wewe.

Kuna na habari nyingine inayozunguka mtaani: "Nilituma mtu akaulize, akaambiwa faili ilifungwa." Huenda ni kweli. Mshtakiwa anapokosekana mara nyingi, hakimu huchoka kuitaja kesi isiyo na mtu, akaagiza faili ifungwe hadi mshtakiwa akamatwe. Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye kesi yako. Faili imepelekwa rafuni. Siku utakayopatikana itashushwa, ipanguswe vumbi, iendelee pale ilipoachwa.

Hatua ya 2: Jua hati yako ilizaliwaje

Huwezi kujieleza vizuri kuhusu jambo usilolijua. Kwa kawaida hati huzaliwa kwa njia chache, na kila njia ina majibu yake.

Ya kwanza ni samansi ambayo hukuiitikia. Mahakama ilikuita, hukufika, hakimu akatia sahihi hati. Hapa swali kubwa ni kama samansi ilikufikia kweli. Ikiwa ilipelekwa nyumba uliyohama, au alipewa mtu ambaye hakukwambia, hilo ni jambo la kumweleza hakimu, tena kwa ushahidi.

Ya pili ni dhamana. Ulitoka ukaahidi kurudi, hukurudi. Hii ni nzito zaidi kwa sababu ahadi ilikuwa yako mwenyewe, na mara nyingi kuna mtu mwingine ndani yake. Ikiwa shangazi aliweka pesa, mahakama inaweza kuzichukua zikawa za serikali. Ikiwa mjomba alisimama kama mdhamini na kuacha hati ya shamba au kitabu cha gari, yeye ndiye huitwa kueleza ulikokwenda au kulipa. Wapo waliopata habari za kesi ya mpwa wao kupitia barua ya korti. Kabla hujamtafuta wakili, mtafute huyo mjomba. Mpigie simu, mwombe radhi, kisha muulize ana karatasi gani.

Ya tatu huwashangaza watu: mdhamini mwenyewe ndiye aliyeiomba. Sheria inampa mdhamini haki ya kumwendea hakimu na kusema hataki tena kukubeba. Akifanya hivyo, mahakama hutoa hati ili uletwe utafute mdhamini mwingine. Usimkasirikie. Alikutafuta kwanza, nawe ulikuwa umebadilisha laini.

Ya nne ni mkanganyiko wa tarehe. Machi 2020 shughuli za mahakama zilipunguzwa kote nchini kwa sababu ya korona, na tarehe nyingi zikasogezwa. Waliokuwa na mawakili walipigiwa simu. Wengi waliokuwa peke yao walifika wakakuta lango limefungwa, wakarudi nyumbani, wakangoja waitwe. Ikiwa wewe ni mmoja wao, una maelezo ambayo hakimu yeyote aliyekuwa kazini mwaka huo atayaelewa.

Na ya tano ni kwamba hati si yako kabisa. Kenya ina watu wengi wenye majina mawili yanayofanana neno kwa neno, na hati ya zamani mara nyingi ina jina tu bila nambari ya kitambulisho. Usiibishanie barabarani. Kitambulisho, alama za vidole na sahihi iliyo kwenye bondi ya faili ndizo zitakazokutenganisha na mwenye kesi.

Hatua ya 3: Ipeleleze kesi kabla haijakupeleleza

Kila mahakama ina masjala, na masjala ndiyo kumbukumbu ya korti. Unaloliulizia dirishani pale ni nambari ya kesi. Nambari hiyo ina sehemu tatu: aina ya kesi, namba yenyewe na mwaka. Imeandikwa kwenye risiti ya dhamana, kwenye karatasi ya mashtaka na kwenye samansi. Risiti ya mwaka 2014 imefifia wino, lakini inue kwenye mwanga wa dirisha, utaona tarakimu.

Ikiwa huna karatasi yoyote, usikate tamaa. Kumbuka mambo matatu: mahakama gani, kituo gani cha polisi, na mwezi gani ulipandishwa kizimbani. Sajili za kesi huandikwa kwa mfuatano wa tarehe, na karani mvumilivu anaweza kulishusha daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, akalifungua kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye safu ya majina hadi la kwako. Mkaribie kama mtu mwenye kazi nyingi, kwa maana anazo. Fika saa mbili asubuhi kabla foleni haijajaa. Salimu kwanza. Mwambie, "Dada, nina kesi ya zamani ya trafiki, naomba unisaidie kujua imefikia wapi." Usianze na hadithi ya maisha yako. Nyuma yako kuna watu 20, na mmoja wao amebeba mtoto.

Watu huuliza: je, nikienda kuulizia sitakamatwa palepale? Inawezekana. Korti ina polisi, nawe una hati. Ndiyo maana ni bora upelelezi huu ufanywe na wakili, au jamaa mwenye busara ambaye ataandika kila anachoambiwa kwenye daftari. Akirudi awe na majibu ya maswali manne. Shtaka ni lipi hasa? Hati ilitolewa tarehe gani, na kwa sababu gani? Dhamana ilikuwa kiasi gani, na je, bado ipo au ilichukuliwa? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: je, kesi ilisikizwa bila wewe?

Ndiyo, hilo hutokea. Kifungu cha 206 kinaruhusu mahakama, baada ya kesi kuahirishwa, kuendelea bila mshtakiwa ikiwa kosa si la uzito wa juu. Kuna mtu anayetembea mjini akidhani ana kesi, kumbe ana hukumu. Sheria hiyohiyo imeacha mlango: ukiridhisha mahakama kwamba ulikosa kufika kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wako, na kwamba una utetezi wenye uzito, hukumu inaweza kuwekwa kando. Mlango huo ni wa kuingia na wakili.

Hatua ya 4: Mwambie wakili ukweli wote, hata ule wa aibu

Mficha uchi hazai. Wakili aliyeambiwa nusu ya habari atasimama kortini na nusu ya utetezi, na nusu nyingine atasomewa na kiongozi wa mashtaka mbele ya watu wote. Ikiwa ulitoroka kwa sababu uliogopa, sema uliogopa. Ikiwa ulikuwa umekunywa siku ile ya kutajwa kwa kesi, sema. Ikiwa una kesi nyingine Naivasha ambayo hata mkeo haijui, hii ndiyo saa ya kuitaja.

Kama huna pesa za wakili, sheria haikukusahau. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973. Vyuo vikuu vyenye shule za sheria huwa na kliniki ambako wanafunzi wakisimamiwa na walimu wao hukueleza hali yako bila malipo. Nenda ukaulize. Watu hawa wamesikia habari kubwa kuliko yako.

Ikiwa uko nje ya nchi, Doha au Minnesota, nawe una kesi ya trafiki iliyobaki nyumbani, zungumza na wakili aliye Kenya kabla hujakata tiketi. Kwa baadhi ya makosa madogo, hasa yale ya faini tu au kifungo kisichozidi miezi 3, kifungu cha 99 kinaruhusu mahakama imwondolee mshtakiwa ulazima wa kufika mwenyewe ikiwa amekiri kwa maandishi au amewakilishwa na wakili. Baada ya hati kutolewa, hakimu ndiye ataamua kama atakubali ombi hilo. Liombwe mapema. Likizo ya wiki 3 ni ndogo sana kwa mtu anayeanzia uwanja wa ndege.

Hatua ya 5: Pakia mfuko

Usiende kortini mikono mitupu. Beba kitambulisho halisi na nakala zake. Beba risiti ya dhamana ikiwa ipo. Beba chochote kinachoeleza ulikokuwa siku uliyokosa: karatasi za hospitali zenye tarehe, kibali cha mazishi, barua ya mwajiri, barua ya chifu. Hakimu husikia "nilikuwa mgonjwa" asubuhi nzima. Karatasi yenye muhuri na tarehe inayolingana humfanya ainue macho.

Beba na mtu. Mdhamini awe tayari, awe na kitambulisho na hati za mali yake, na awe amekula, kwa sababu huenda akangoja hadi saa tisa. Usimtume mama yako asimame mbele badala yako. Hawezi kujibu mashtaka yako, ingawa ukimwomba atakubali.

Beba pesa za kutosha dhamana mpya, dawa zako za kila siku ikiwa unazo, na sweta. Mwachie jirani funguo, na umweleze nani atawachukua watoto shuleni. Hili nalisema kwa uzito wote: unaweza kurudi nyumbani jioni hiyo, na unaweza kuwekwa rumande siku kadhaa hakimu akitafakari. Anayejiandaa kwa yote mawili hutulia, na aliyetulia hujieleza vizuri.

Hatua ya 6: Chagua siku wewe, usiiachie hati ikuchagulie

Hapa ndipo penye faida kubwa ya mwongozo huu wote. Hati haina haraka, na haina ratiba. Ikikuchagulia siku, itachagua Ijumaa saa kumi na moja jioni kwenye kizuizi cha barabarani, ukiwa na keki ya siku ya kuzaliwa kwenye kiti cha nyuma. Katiba inasema katika Kifungu cha 49 kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za korti, au siku isiyo ya korti, polisi wana ruhusa ya kukufikisha hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Hesabu mwenyewe: Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Usiku tatu kwenye sakafu ya seli, ndoo pembeni, taa isiyozimwa.

Sasa tazama ukichagua wewe. Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Umeoga. Shati limepigwa pasi. Wakili ameshamwambia karani, faili imeshapelekwa mbele ya hakimu. Kosa ni lilelile, korti ni ileile, lakini unaingia kama mtu anayeheshimu mahakama. Mwongozo wa sera ya dhamana na bondi uliotolewa Machi 2015 unaitaka mahakama ipime kama mshtakiwa atafika kesini. Hakuna hoja inayolijibu swali hilo vizuri kuliko miguu iliyojileta.

Hatua ya 7: Kizimbani, sema maneno machache

Jina lako litaitwa. Utapanda kizimbani. Mbao zake zimelainika kwa viganja vya walioshika kabla yako. Karani atasoma nambari ya kesi. Hakimu atafungua faili, atageuza kurasa kimya, atafika kwenye ukurasa ulioandikwa "mshtakiwa hayupo" mara tatu mfululizo. Kisha atakutazama.

"Ulikuwa wapi?"

Usijibu kwa hotuba. Sema hivi, ukibadilisha mambo yawe yako:

"Mheshimiwa, tarehe 9 Machi 2015 sikufika kwa sababu nilikuwa nikimzika baba yangu. Nina kibali cha mazishi hapa. Baada ya hapo niliogopa kurudi, nami naomba radhi kwa hilo. Leo nimekuja mwenyewe. Naomba hati ifutwe, dhamana yangu ya awali irejeshwe, na kesi ipangiwe tarehe."

Una sababu, una ushahidi, una radhi, una ombi. Kiongozi wa mashtaka atapewa nafasi. Huenda akapinga, akasema wewe ni mtu wa kutoroka. Usimkatize. Huenda pia akaikagua faili akaona kwamba mashahidi hawapatikani tena, na ofisi yake ikaamua kuiondoa kesi. Hilo liko mikononi mwake, na halipatikani kwa mtu aliye mafichoni.

Kisha hakimu ataamua. Anaweza kufuta hati na kurudisha dhamana. Anaweza kuongeza kiasi. Anaweza kukuweka rumande kwanza. Vyovyote vile, neno la mwisho kutoka kwako ni "Asante, Mheshimiwa".

Hatua ya 8: Ukikamatwa kabla hujafika kwenye hatua ya 6

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na huenda ukingo umekufikia leo. Usikimbie, usisukume mtu. Makosa mapya barabarani yatakuwa makubwa kuliko lile la zamani. Kumbuka pia kwamba afisa anaweza kukukamata bila karatasi mkononi ikiwa ana sababu ya msingi kuamini hati ipo, kwa hiyo kelele za "nionyeshe hapa hapa" hazitakufungulia mlango wa gari.

Lakini una haki zako, na zitaje kwa upole. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa kwa nini umekamatwa. Aliye na hati ana wajibu wa kukueleza yaliyomo, na ukiiomba akuonyeshe. Itazame nyuma na mbele: mahakama ina uwezo wa kuandika juu ya hati yenyewe kwamba uachiliwe ukiweka bondi na wadhamini wa kiasi fulani, na hapo polisi wenyewe wanaweza kukutoa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine unaohitaji msaada wao. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha ukiri. Na Katiba inasema kwamba kwa kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hapaswi kuwekwa rumande. Mwambie wakili wako aitaje sentensi hiyo mapema.

Hatua ya 9: Wafungie mlango wauza hofu

Hofu ya hati ni soko, nalo lina wachuuzi. Utapigiwa simu na mtu wa sauti nzito anayejiita inspekta. Atakwambia ana hati yako mezani, na kwamba shilingi 8,000 kwa nambari hii zitaimaliza kabla ya saa nane. Mjibu kwa maswali mawili: nambari ya kesi ni ipi, na mahakama gani? Kisha kata simu, ukaulizie masjala. Simu ya mtu haifuti hati. Hati hufutwa na mahakama iliyoitoa, na faini hulipwa kwa njia rasmi ukapewa risiti.

Yupo na mwingine, huyu wa kweli, mwenye sare, atakayekwambia mnaweza "kuongea". Ukimpa chochote, hati itabaki pale pale, na wewe utakuwa umetenda kosa jipya chini ya Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016, ambayo humshika anayetoa sawa na anayepokea. Tena atakujua sura. Mwezi ujao atakuwa na njaa tena, na hati itakuwa bado hai.

Neno kwa wenye mamlaka

Mshtakiwa ana wajibu wa kufika, nami nimemsukuma kurasa hizi zote afike. Lakini mahakama na serikali nazo zina sehemu yao. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa Januari 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wanaopitishwa kwenye mfumo huo wameshtakiwa kwa makosa madogo madogo. Hao ndio wasio na nauli ya kurudi kortini mara ya nne kwa kesi iliyoahirishwa mara tatu. Hati inayomwangukia kibarua humla kazi yake, na familia hushinda njaa kwa ajili ya kosa ambalo faini yake ingelipwa kwa mshahara wa wiki moja.

Nchi nyingine zimeliona tatizo hili zikalishika. Huko Ferguson, jimbo la Missouri nchini Marekani, mji uliokuwa na wakazi wapatao 21,000 wakati huo, korti yake ilikuwa na hati dhidi ya zaidi ya watu 16,000 kufikia Desemba 2014, nyingi zikitokana na makosa ya magari na faini zisizolipwa. Agosti 2015 hakimu mpya, Donald McCullin, aliziondoa hati zote zilizotolewa kabla ya mwisho wa 2014. Agosti 2017, viongozi wa mashtaka wa maeneo manne ya jiji la New York waliomba zifutwe hati zaidi ya 644,000 zilizozidi miaka 10, za makosa kama kunywa pombe hadharani. Wakubwa hao waliona kwamba hati ya kosa dogo iliyokaa muongo mzima humfanya raia aogope kuripoti wizi, aogope kutoa ushahidi, aogope hata kuomba kazi inayodai cheti cha maadili mema.

Mahakama zetu zinaweza kutenga wiki maalumu kila mwaka, zikatangaza redioni na kanisani na msikitini: njoo na kesi yako ndogo ya zamani, hutalala ndani, utapewa tarehe au utalipa faini, uende. Kwa kila mtu atakayejitokeza, polisi watakuwa na hati moja pungufu ya kubeba, na faili moja itashuka rafuni kwa heri.

Hatua ya mwisho: Usitoke kortini bila karatasi

Hakimu amesema hati imefutwa. Wakili amekupa mkono. Shangazi analia kwa furaha kwenye korido. Subiri, kazi haijaisha. Amri iliyotamkwa kortini haikimbii yenyewe hadi kituo cha polisi. Kule kituoni, nakala ya zamani bado iko kwenye jalada, na afisa wa zamu ya usiku hakuwepo ulipokuwa ukisema "Asante, Mheshimiwa".

Rudi masjala. Omba nakala ya amri ya kufuta hati, iliyothibitishwa kwa muhuri, na ulipie ada yake. Toa nakala tatu. Moja ipeleke kituo kilichokuwa na kesi, uombe waipokee na kutia muhuri wao kwenye nakala yako. Moja iache nyumbani kwa mtu ambaye hahami. Moja itembee nawe, kwenye gari au kwenye mkoba, hadi kesi iishe. Ikiisha, peleka risiti halisi ya dhamana uombe pesa za shangazi zirudishwe, na uzipeleke mwenyewe mikononi mwake.

Na ile tarehe mpya uliyopewa iandike mahali patatu, umwambie mtu mmoja asiyesahau, na ukihama au ukibadilisha laini, mwambie wakili na mdhamini siku hiyohiyo. Ukifiwa, ukiugua, gari likikwama, piga simu kabla ya saa tatu asubuhi, korti iambiwe ungali barabarani au hospitalini. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya kesi ni kufika. Fika ya kwanza, fika ya pili, fika hata ile utakayoambiwa hakimu yuko likizo. Kesi inayohudhuriwa ina mwisho, hata ikichelewa. Ile inayokimbiwa huendelea kukungoja, na gharama yake huongezeka kila mwaka unaoupoteza ukitazama nyuma.